Taa za Kumwona Mama Mkwe

Muuza magodoro hana kazi na gari la michezo, najua, usiniambie. Nimeambiwa na watu wenye mamlaka zaidi yako. Godoro haliingii mle hata ulikunje, na gari lenyewe lina milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba kila shimo la Bujumbura linalijua kwa tumbo. Lilitengenezwa Japani, likazeekea Japani, kisha mtu akalipakia melini mpaka Dar es Salaam, likapanda milima yote mpaka kwetu, nami nikaliona likiwa limeinamisha pua yake ndefu kwenye kivuli, akili zikaniruka. Mke wangu alipolikuta uani aliuliza lile jingine liko wapi, lile la kubebea watu. Nikamwambia ni hilo hilo. Akaingia ndani akawasha cherehani yake, akashona mpaka usiku bila kunijibu salamu.

Tunaishi Kajaga, karibu na ziwa, kwenye kiwanja cha mama mkwe wangu. Ndiyo, cha mama mkwe. Wote waliotaka kunicheka wameshanicheka, tuendelee. Yeye ana nyumba ya mbele, sisi tumejenga nyuma, na katikati kuna uwanja anaoufagia kila asubuhi huku akinisema. Kwa Kirundi mama mkwe ni mabukwe, na hivyo ndivyo ninavyomwita mbele ya watu, macho chini, mikono pamoja. Mukwe mwenye adabu habishani na mabukwe. Kwa hiyo yeye hubishana peke yake, na hushinda.

Anauza ndagala, dagaa wa ziwani, barabarani, kwenye ile njia kubwa ya kwenda Gatumba ambako malori ya Kongo hupita yakiwa yamelemewa. Hukaa na beseni lake mpaka giza linapoingia, halafu hurudi nyumbani kwa miguu, ukingoni upande wa kulia, hapo hapo wanapopita wenye baiskeli, wenye kuni na wenye kulewa. Hakuna taa ya barabara hata moja. Tumemwambia aache biashara, akasema hajafikia umri wa kuomba chumvi kwa mukwe. Tumemwambia basi nimbebe jioni nikitoka mjini, maana napita pale pale alipo. Hapo alicheka kicheko kibaya, na sababu yake ninaijua.

Sababu ni usukani. Kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari yetu mengi usukani wake uko kulia pia, kwa kuwa huko yalikotoka watu hupita kushoto. Matokeo yake dereva amekaa karibu na mtaro, haoni mbele ya lori hata akirefusha shingo, na abiria wa kiti cha mbele ndiye aliyekaa katikati ya barabara. Ukitaka kulipita lori, ni abiria anayechungulia na kukuambia: pita, au ngoja. Mji mzima unaendeshwa hivyo. Ukipanda mbele kwenye gari la mtu Bujumbura, ujue umeajiriwa.

Sasa siku moja nilikuwa nambeba mama mkwe kutoka Kinama, kwa dada yake. Kiti cha nyuma hakufikiria hata kukitazama, kwa sababu kukifikia lazima kiti cha mbele kikunjwe na mtu aingie kwa magoti, na yeye alikuwa amevaa vitambaa vyake vya heshima. Akakaa mbele, rozari mkononi. Tukalifikia lori lililokuwa mbele yetu. Nikamuuliza kwa upole, mama, kuna kitu kinakuja? Akafumba macho, akasema, "Mungu ndiye anajua." Mimi nikaelewa kwamba hakuna kitu. Nikatoka kupita. Lililokuwa linakuja lilikuwa limebeba saruji.

Tulirudi nyuma ya lori letu kwa rehema tu, nami nikapiga breki mpaka mguu ukaniuma. Tukafika uani. Alishuka taratibu, akatengeneza kitambaa chake begani, akaniambia nilimkalisha mahali pa dereva na usukani nikauchukua mimi, na kwamba hatapanda tena hata akiwa maiti. Akataka binti yake asikie, kwa hiyo akalirudia.

Basi akawa anatembea, nami nikawa nampita kila jioni, kila mtu na kiburi chake. Mpaka ile jioni baada ya mvua. Lami ilikuwa nyeusi, malori yanatoka mbele, mimi natazama mbele yangu kama mtu mwenye akili timamu, taa zimewaka, redio imezimwa. Nikasikia kitu kimegusa kioo cha pembeni, kitu laini, halafu sauti niijuayo kuliko zote ikautukana ukoo wangu kuanzia babu. Nikasimama. Alikuwa amekaa kwenye majani, kitenge kimechanika ubavuni, ndagala zimetapakaa kwenye maji, zinang'aa. Sikuwa nimemwona. Nakwambia kweli, si kwamba nilimwona nikachelewa. Sikuona mtu kabisa.

Alinitazama akiwa pale chini, akaniuliza, "Ungeniua, watu ungewaambia nini?"

Nililiwaza swali hilo wiki nzima. Ningewaambia nini? Mwanaume anayeishi kwenye kiwanja cha mama mkwe, anayejulikana mpaka sokoni kwamba hawapatani, anamgonga kwa gari la kifahari jioni yenye giza. Hata mimi nisingejiamini. Wangesema ametaka kiwanja. Lakini hayo ni ya baadaye. Pale pale nilipokuwa nakusanya ndagala mlango wa gari ukiwa wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, na haikuwa kwa ajili ya maneno ya watu.

Mke wangu aliposikia hakupiga kelele. Alikuwa ameshika mkasi, akauweka chini ya kitambaa, na nilielewa kwamba ameuweka mbali kwa faida yangu.

"Huyo ni mama yangu," akasema. "Apana jirani. Hiyo gari isipite ile njia jioni mpaka siku utaweza kumuona. Ukishindwa, uza."

Ndipo nikaanza kutafuta taa. Dhana yangu ilikuwa nyepesi: taa ni za kizee, zimechoka, nitie ampuli, yaani balbu, mpya zenye nguvu, nimwone mama mkwe, nibaki na gari langu. Nikaenda Cibitoke kwa fundi wangu, ambaye tulisoma pamoja na ambaye hajawahi katika maisha yake kusema sijui. Ana banda la mabati, ana magari ya watu yamefunguliwa midomo, na ana imani moja kuhusu taa: usipoona, ongeza moto. Akanitolea ampuli zenye wati nyingi kupita zile za kiwandani. Akaniapia kwamba kwa hizi nitaona mpaka Uvira, ng'ambo ya ziwa.

Tukaondoka jioni kuzijaribu, mimi na mke wangu, yeye mbele kushoto kama shahidi na hakimu. Kweli barabara ilikuwa nyeupe. Waliotoka mbele wakaanza kuniwashia na kuzima, mmoja baada ya mwingine, nami nikawajibu kwa furaha, nikadhani ndiyo gari limeanza kujulikana mjini. Mke wangu akauliza kama wananisalimia au wananitukana. Nikamwambia atazame ukingoni upande wangu, anaona nini. Akasema haoni kitu, anaona giza limekuwa jeusi zaidi kuliko jana. Kabla hatujafika darajani tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Soketi ya taa ilikuwa imeyeyuka ikashikamana na ampuli.

Fundi hakutikisika. Akasema kosa ni rangi, macho ya binadamu yanataka weupe wenye ubuluu kidogo. Za pili zilikuja kwenye boksi lenye picha ya chui, na chui huyo ndiye kitu pekee nilichokiona vizuri. Mvua ikanyesha, ule mwanga wa buluu ukalowa wote barabarani, sikuona hata mstari. Za tatu zilikuwa zile za kisasa zisizo na uzi wa kuwaka ndani, zina kifeni kidogo mkiani cha kujipoza. Fundi alizitoa kwa heshima kana kwamba ni mayai. Alipoziwasha bandani, jogoo wa jirani aliwika.

Kwa hizo ndiyo nilisimamishwa. Dereva wa lori alizuia njia kwa lori lake lote, akashuka, akanitukana kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kilingala, akamalizia kwa Kifaransa ili iwe rasmi. Aliuliza kama natafuta ndege angani. Nikamwambia nimewasha kode, yaani taa fupi, si zile ndefu, akatazame mwenyewe kwenye dashibodi. Akaja akachungulia, akaona ni kweli, na hilo likamkasirisha zaidi.

"We uko unatuangalia sisi," akasema. "Barabara hauiangalii."

Nilimdhania mlevi. Wiki ile ile, jirani yetu mwenye baiskeli ya ndizi aligongwa ukingoni na gari lisilojulikana, akavunjika mguu, na tangu hapo kila jioni cherehani ya mke wangu ilikuwa inasimama giza likiingia. Alikuwa anakaa na mkono juu ya gurudumu lake, anasikiliza geti. Mama yake akiingia na kuanza kulaumu mbwa, ndipo cherehani inaanza tena. Mimi gari nikawa naliacha dukani kwangu mjini, narudi na jirani anayefanya kazi bandarini, na kila tulipompita yule mama gizani nilikuwa natazama mbele ili nisione jinsi ambavyo haonekani.

Ilikuwa Jumapili, gari nimelileta nyumbani mchana, jua limeshazama nyuma ya milima ya Kongo, nikaamua kupima taa mwenyewe. Nikaligeuza gari uani likatazama ukuta wa nyumba ya mama mkwe, uliokuwa umepakwa chokaa kwa ajili ya Pasaka. Nikawasha. Yeye alikuwa kwenye kigoda chake anachambua mchele, akasema asante, nimekosa kumuua njiani nikaona nimfuate nyumbani. Mke wangu akatoka na sindano mdomoni. Tukasimama wote watatu tukitazama ukuta.

Mwanga haukuwa duara kama nilivyodhani maisha yangu yote. Ulikuwa na ukingo. Upande wa kulia ulikuwa umelala chini, sawa kabisa, na upande wa kushoto ulipanda kama mtu aliyenyanyua nyusi moja. Mke wangu akatoa sindano, akasema kwa sauti ya kazi kwamba hiyo imekatwa mkono wa kushoto, na sisi tunaivaa kulia. Mama mkwe hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mchele.

"Hiyo gari iko inaangalia kwao," akasema.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Kwao! Kwao wanapita kushoto, na wanaotembea kwa miguu wako kushoto, kwa hiyo taa imenyanyuliwa kushoto iwaone, na kulia imeinamishwa isimpige machoni anayekuja. Kwetu yote yamegeuka. Kila jioni nilikuwa nawamulika madereva usoni na kuwainamishia kichwa wanaotembea ukingoni, na kila nilipoongeza moto, nilikuwa naongeza matusi upande mmoja na giza upande wa pili. Tulishalizoea suala la usukani mpaka tukalifanya mchezo wa pita na ngoja. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba macho nayo yamekuja na desturi zake.

Nikaenda nikamweleza fundi. Akazunguka banda lote akitazama magari ya wateja usoni, moja moja. Halafu akakaa juu ya tairi akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Muji muzima," akasema, "tuko na makengeza."

Dawa haikuwa ampuli, ilikuwa taa yenyewe, kioo na bakuli lake, ya gari kama langu lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, lenye usukani kushoto. Fundi aliulizia kwa wauza vipuri wa Buyenzi wote mpaka akapata jozi kutoka kwenye gari lililoungua nyuma likabaki na uso mzima. Vioo vilikuwa na mikwaruzo, tukavisugua na dawa ya meno. Halafu likaja suala la ampuli, na hapo nilimwumiza rafiki yangu. Nilitaka za kawaida. Zenye wati zile zile zilizoandikwa na kiwanda, za uzi, za njano, zisizo na chui. Alijaribu kunitetea dhidi yangu mwenyewe. Akasema watu watasema amenitilia mishumaa. Mwishoni akazitoa kwenye droo ya chini kabisa kwa huzuni, tukazifunga, tukazipima kwenye ukuta wake mpaka nyusi ikanyanyuka kulia, chini kidogo kwa sababu gari lenyewe ni fupi.

Mke wangu alikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza, hakuweza kuja kushuhudia. Aliniambia nirudi kwa njia ile jioni, peke yangu, polepole, na atajua usoni mwangu kama nimeona.

Nilitoka dukani giza ndiyo kwanza linaingia. Mwanzoni nilikata tamaa, maana hakukuwa na ule weupe, barabara ilikuwa na rangi ya chai. Waliokuja mbele walipita kimya, hakuna aliyeniwashia. Halafu nikatazama kulia. Loo. Ukingo wote ulikuwa umelala mbele yangu mpaka mbali: majani, matofali ya mtu, vigingi, na watu. Watu wengi! Visigino, mikia ya kanga, magurudumu ya baiskeli, mwanamke na mtoto mgongoni, vijana wawili wamebeba kitanda. Miaka yote nilikuwa napita pale nikidhani ni barabara yangu mimi na malori. Nikapunguza mwendo mpaka kidogo gari lizime.

Nikamwona baada ya kona, mbali sana, kabla hata sijaanza kumtafuta. Nilimjua kwa beseni na kwa namna anavyofunga kitambaa. Furaha ilinishika, nikapiga usukani kwa kiganja, nikajiambia nimeshinda, gari ni langu. Nikataka kupiga honi nimkere kidogo.

Ndipo akasimama. Akashusha beseni chini kwa mikono miwili, taratibu, akashika kiuno, akainama mpaka kichwa kikawa karibu na magoti. Alikaa hivyo. Watu wakampita. Halafu akainuka, akatazama huku na huku kama mtu anayeangalia asije akaonekana na wanaomjua, akabeba beseni, akatembea kidogo tu, akalishusha tena. Mguu mmoja alikuwa anauburuta. Mama huyu ambaye kila jioni huingia getini amenyooka, anamtukana mbwa, ananitukana mimi, anakaa kwenye kigoda kabla hajavua viatu. Na sisi tukadhani anakaa kwa sababu ya kiburi.

Nampenda yule mwanamke, basi, nimesema, na sikulijua hilo mpaka nilipomwona ameinama pale peke yake. Nikamfuata kwa mwendo wake, taa zikimtangulia, pikipiki zikinipigia honi nyuma. Hakugeuka. Akanyoosha mkono bila kutazama, akapunga kwamba pita, pita wewe, nani kakuzuia. Nilipozidi kutopita akasimama, akanyooka haraka, kabisa, mgongo wima, akageuka kwenye mwanga na uso wake wa siku zote.

Mlango wangu uko upande wa ukingo. Nilifungua nikawa nimesimama mbele yake.

"Umeniona?" akauliza.

"Nimekuona, mama."

Akatazama nyuma, kule alikotoka. Mwanga haukufika tena huko, ila alikuwa anapima kwa macho yake mwenyewe.

"Kuanzia wapi?"

"Hapa tu," nikasema. "Sasa hivi."

Malori mawili yakapita.

"Muongo," akasema, akanipa beseni.